Kuchagua vitabu vya kipupwe: riwaya, falsafa na sayansi kwa jozi tatu

Anayeishi London huingia Desemba akijua kwamba usiku utakaribia saa 16, na orodha yake ya vitabu vya majira ya baridi inaweza kurefuka kadiri apendavyo. Sisi wa Njombe hatuna anasa hiyo. Usiku wetu wa Juni huuzidi ule wa Desemba kwa takriban saa moja tu, na kinachotuingiza ndani mapema ni baridi, wala si giza: kuanzia Juni mpaka Agosti joto la usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na kule Makete, kwenye nyanda za Kitulo, sakitu huonekana alfajiri juu ya majani. Msimu mzima una siku 92. Nikiondoa usiku wa misiba, wa wageni, wa umeme kukatika na wa uchovu wa kawaida, hunibakia kama sitini, na kwa mwendo wangu wa kurasa kumi na tano kwa usiku hiyo ni nafasi ya vitabu vitatu vya unene wa wastani. Cha nne hakiingii.

Kwa hiyo kila Mei hulazimika kuchagua riwaya moja, kitabu kimoja cha falsafa na kimoja cha sayansi. Navichukulia kama mafiga: vikipishana mno kwa kimo, chungu hupinduka. Maana yake ni kwamba msimu mmoja hubeba kitabu kigumu kimoja tu, na viwili vinavyobaki sharti viwe vya kumpumzisha msomaji bila kumlaza. Katika vipupwe vichache vilivyopita nimesoma vitabu sita ambavyo nadhani vinaweza kupangwa kwa jozi, viwili viwili, ili mwenye nafasi ya vitatu ajue anachokipata na anachokikosa kwa kila uamuzi.

Vipimo vyangu ni viwili. Cha kwanza ni kama kitabu kinakubali kukatwa vipande vya jioni moja moja na kurudiwa kesho bila kuanza upya. Cha pili ni kama kinasimulika. Nyumbani kwetu jioni za kipupwe watu hukaa jikoni, kwa kuwa moto uko huko, na anayeketi hapo na kitabu haipiti nusu saa kabla hajaulizwa kinasema nini. Kitabu ambacho jibu lake haliwezi kutolewa mbele ya watu wanaomenya viazi si lazima kiwe kibaya, lakini kinakufanya mpweke kwa miezi mitatu. (Anayependelea kusoma chumbani na jiko la mkaa aache dirisha wazi, hewa yenye sumu ya mkaa haina harufu, na imekwisha kuua watu waliolala wakidhani wanaota moto.)

Riwaya: Nagona au Peponi

Nagona ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1990 na Mzingile ikaifuata mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba, kila kimoja hakifiki kurasa mia moja, na kwa kawaida husomwa pamoja kama kazi moja yenye sehemu mbili. Ndivyo ninavyovihesabu hapa. Mwandishi, mzaliwa wa Ukerewe mwaka 1944, alikuwa tayari ameandika Rosa Mistika, Kichwamaji na Dunia Uwanja wa Fujo, riwaya ambazo mwanafunzi wa sekondari huzifuata tangu mwanzo hadi mwisho bila kushikwa mkono. Katika Nagona ameiacha njia hiyo. Kisa hakiendi kwa mstari. Msimulizi anapita katika mahali pa kimya na magofu, anamfuatia paa anayeonekana na kutoweka, anakutana na majina ya wanafalsafa wa Ulaya, na kila anapodhani amefika katikati ya duara, katikati yenyewe imehama. Wahakiki huzungumzia udhanaishi, yaani falsafa ya mtu anayejitafutia mwenyewe maana ya kuishi, na riwaya ya majaribio, na wako sahihi, ingawa maneno hayo hayamsaidii sana mtu aliyefunua ukurasa wa kwanza saa mbili usiku miguu ikiwa imeganda.

Wembamba wa kitabu hiki ni mtego. Mara ya kwanza nilikisoma kwa usiku nne nikidhani nimejiokolea muda, na nilipokifunga sikuwa na la kusema. Mara ya pili nilijiwekea kurasa tatu kwa usiku, nikizisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sentensi zake ni fupi na nyepesi, Kiswahili chake ni cha kawaida kabisa, na ugumu wote umo katika kuruka kutoka sentensi moja hadi nyingine. Kwa mwendo huo kurasa chini ya mia moja hula mwezi mzima. Msomaji anayepanga msimu wake kwa kuhesabu kurasa atakosea hapa kuliko mahali pengine popote katika orodha hii.

Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise, ikaingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker mwaka huohuo, na kutafsiriwa kwa Kiswahili na Ida Hadjivayanis mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kupewa Tuzo ya Nobeli. Yusuf, mvulana wa miaka kumi na miwili, anachukuliwa na mfanyabiashara anayemwita Ami Aziz na kupelekwa pwani, na hachelewi kuambiwa dukani kwamba Aziz si ami yake: baba yake anadaiwa, naye ni rehani. Baadaye anaingia bara pamoja na msafara wa biashara, wakati Wajerumani wameshaanza kuinyakua nchi na biashara ya misafara inakaribia kukatika pumzi.

Kinachonivutia katika tafsiri hii ni kwamba maneno mengi yamerudi nyumbani. Katika Kiingereza neno rehani lilikaa kama mgeni ndani ya sentensi, likimtaka msomaji alikisie; kadhalika kifaurongo, jina la utani ambalo Khalil wa dukani anambandika Yusuf. Mtu aliyewahi kugusa mmea huo na kuona majani yake yakijikunja kama yaliyokufa hahitaji maelezo, na utani wa Khalil unamfikia mara moja ukiwa na ukali wake wote. Hata Kalasinga, mhusika wa Kisingasinga anayetamani kuitafsiri Kurani kwa Kiswahili, anachekesha zaidi katika lugha ileile anayotaka kuitumia.

Kwa kipimo cha mekoni Peponi haina mshindani. Nilipofika mahali ambapo kijana mzuri wa sura anaishi katika nyumba ya tajiri, na mke wa tajiri huyo anataka awe karibu naye, mama mkwe wangu alimtambua papo hapo Yusufu wa kitabu cha Mwanzo, akaanza kunieleza yatakayotokea. Jirani yetu, ambaye ni Mwislamu, akamwambia asisahau kanzu iliyochanwa kwa nyuma, ambayo katika Sura Yusuf ndiyo iliyomwokoa kijana. Mama mkwe akasema kwao vazi liliachwa tu mkononi mwa mwanamke, na kwamba ndilo lililomtia kijana gerezani. Sikusoma tena usiku ule, na sijutii.

Kasoro yake ipo. Safari ya kwenda bara ni ndefu, na katikati yake, kabla ya msafara kufika kwa mtemi Chatu, kuna kurasa ambazo mvua, magonjwa na ugomvi wa wapagazi vinajirudia kiasi kwamba msomaji naye huchoka kama mpagazi. Huenda ndivyo alivyokusudia mwandishi. Pia asiyependa mwisho unaomwacha njia panda ajiandae. Lakini riwaya imegawanywa katika sehemu sita, kila moja ina pumzi yake, na unaweza kuiweka kando siku tatu za msiba na kuirudia bila kupotea. Nagona ukiiacha siku tatu, imekuacha.

Uamuzi wangu katika jozi hii ni Peponi kwa msomaji anayeanza utaratibu huu wa vitabu vitatu, na Nagona kwa yule ambaye mwaka huu hataki kusimulia chochote kwa mtu yeyote. Watu wa namna hiyo wapo, na kuna vipupwe ambavyo nami nimekuwa mmoja wao.

Falsafa: Mbiti au Inkishafi

John Mbiti alizaliwa Kitui mwaka 1931 na kufariki Uswisi mwaka 2019. African Religions and Philosophy, kitabu chake cha mwaka 1969, kimeandikwa kwa Kiingereza, lakini msingi wake umewekwa kwa maneno mawili ya Kiswahili: sasa na zamani. Anadai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili tu. Sasa ni kile kinachotokea, kilichotokea karibuni na kinachokaribia kutokea. Zamani ni bahari kubwa ambamo kila tukio hatimaye huzama. Wakati ujao, kwa maana ya miaka mingi mbele, karibu haupo, kwa kuwa hakuna lililotokea humo. Mbele inafika miezi sita hivi, na haipiti miaka miwili. Ushahidi wake anauchukua katika nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kigikuyu. Wafu nao hubaki katika sasa maadamu yupo mtu aliyewajua na anayewataja kwa majina, na anapokufa wa mwisho anayewakumbuka ndipo wanapoingia zamani.

Sehemu hiyo ya wafu ndiyo bora kuliko zote katika kitabu, na nimekutana na watu wasiokubaliana na jambo lolote lingine la Mbiti ambao waliisikiliza kimya. Kwenye wakati ujao ndipo penye ugomvi. Wanafalsafa wa Kiafrika wenyewe wamempinga, akiwemo Kwame Gyekye wa Ghana aliyetoa mifano ya lugha ya Kiakan. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kwenda mbali hivyo. Lugha yetu ina kesho, ina kesho kutwa, ina mtondo na ina mtondogoo; mtu asiyejali siku zijazo hazipi majina moja moja. Mbiti angeweza kujibu kwamba mtondogoo ni siku chache tu kutoka leo na haivuki hata mwezi, sembuse miaka miwili, na jibu hilo lina nguvu kuliko linavyoonekana kwanza.

Baba mkwe wangu alimjibu kwa namna nyingine. Nilipomweleza hoja hiyo alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama bwana huyo amewahi kupita Njombe. Alikuwa amepanda paini ekari mbili akijua kwamba haitakatwa kabla ya miaka kumi na kitu, na kwa umri wake alikuwa hatarajii kuiona ikikatwa. Nikamsomea mahali ambapo Mbiti anasema kwamba mafundisho ya Kikristo na elimu ya Kimagharibi ndiyo yaliyowafungulia Waafrika mlango wa wakati ujao. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba babu yake hakuwa Mkristo na alikuwa akichagua mbegu za kuweka juu ya moshi kwa ajili ya wajukuu. Sijui kama mbegu hukaa hivyo miaka yote, wala sikuthubutu kumuuliza, lakini hoja ilikuwa imesimama, na nilijua kwamba kitabu kile kimeingia jikoni kwetu.

Hiyo ndiyo sifa ya kitabu cha Mbiti: hata pale anapokosea, anakosea kuhusu jambo ambalo kila mtu wa hapa ana neno lake la kuongeza. Sura zake ni fupi na zinajitegemea. Anayetaka kuruka kutoka sura ya wakati hadi sura za ndoa, mauti au uganga anaweza kufanya hivyo bila hasara. Udhaifu wake mkubwa ni ule wa kuwakusanya watu wa bara zima katika sentensi moja. Baada ya sura kadhaa majina ya makabila yanapangwa kwa haraka kama shanga kwenye uzi, na msomaji mwangalifu huanza kujiuliza ni lini mtu mmoja aliweza kuwafahamu wote hao kwa kina kinachodaiwa.

Mshindani wake hapa ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyeishi kati ya karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Wapo watakaosema kwamba huo ni utenzi wa dini na si falsafa. Mimi nasema kwamba mtu anayeuita moyo wake mbele yake, akauhoji kwa nini unaipenda dunia, kisha akautembeza katika magofu ya mji wa Pate ili ujionee ushahidi kwa macho, anafanya falsafa hata kama hakulitumia neno hilo. Majumba yaliyokuwa na taa sasa yananing'inia popo; zidaka zilizopangwa sahani za Uchina zimekuwa mahali pa makinda ya ndege kulala. Hoja yote inajengwa kwa vitu vinavyoonekana, na hiyo ndiyo tofauti yake kubwa na kitabu cha Mbiti, ambacho vitu vyake vingi ni vya jumla.

Utenzi mzima haufiki beti mia moja. Ugumu wake ni lahaja: Kiamu cha wakati ule kinamtaka msomaji wa bara awe na toleo lenye maelezo, na hata akiwa nalo atasoma beti tano kwa usiku, si zaidi, akirudi nyuma kila mara kutafuta mzizi wa neno. Kwa upande mwingine, beti hizo tano anaweza kuzighani mekoni, na sauti yake itasikika hata kwa wasioelewa kila neno. Kitabu cha Mbiti kinazua mjadala. Inkishafi huleta ukimya, na baada yake mtu mmoja hukohoa na mwingine huuliza kama chai ipo.

Nimeacha nje ya jozi hii tafakuri za Marcus Aurelius, ambazo wengi huzipendekeza kwa msimu wa baridi, na kwa haki, maana kaisari huyo aliandika baadhi yake akiwa kambini vitani karibu na mto Danube. Ni maneno ya mtu anayejisemesha mwenyewe, na jikoni petu hayakupata mpenyo.

Kati ya hivi viwili namchagua Mbiti kwa anayekaa na watu, na Inkishafi kwa anayejua pwani au anayetaka kuijua lugha yake kwa undani. Anayesoma Nagona msimu huohuo asichukue Inkishafi. Vyote viwili vinadai kusomwa polepole na kwa sauti, na koo lina kikomo chake.

Sayansi: furu au sokwe

Hapa pana jambo la kukiri mapema: vitabu vyote viwili ni vya Tanzania kwa habari na vya Kiingereza kwa lugha. Sijapata kitabu cha sayansi cha Kiswahili cha unene na uhai wa namna hii kwa mtu mzima asiye mwanafunzi, na hilo ndilo linalonifanya nipendekeze riwaya ya Kiswahili katika orodha hiyohiyo, ili sikio lipate pa kupumzika.

In the Shadow of Man ya Jane Goodall ilitoka mwaka 1971. Inaanza na kuwasili kwake Gombe, Kigoma, Julai 1960, akiwa na miaka 26 na akiwa ameandamana na mama yake, kwa sababu wakubwa wa serikali ya kikoloni hawakukubali aishi huko peke yake. Miezi ya kwanza sokwe wanamkimbia. Baadaye mmoja mwenye ndevu za kijivu, aliyempa jina la David Greybeard, anamruhusu akaribie, na ni yeye anayeonekana akiingiza ujiti ndani ya kichuguu na kuwatoa mchwa, jambo lililowalazimisha wanasayansi kufikiri upya dai la kwamba binadamu peke yake ndiye mtengenezaji wa zana. Baada ya hapo kitabu kinakuwa hadithi ya ukoo: Flo na wanawe, ugomvi wa vyeo, ugonjwa wa kupooza uliolipiga kundi mwaka 1966, ambao kurasa zake nilizisoma upesi kwa kuwa sikuweza kuzisoma polepole.

Kisa kinachopendwa nyumbani ni cha Mike, dume la cheo cha chini ambalo liligundua kwamba madebe matupu ya mafuta ya taa, yakisukumwa na kugonganishwa kwa kishindo, huwatawanya madume makubwa kuliko lenyewe, na kwa kelele hizo tu likapanda hadi kuwa kiongozi wa kundi. Kila Mswahili anajua kwamba debe tupu haliachi kutika, lakini methali inakusudia kulidharau debe. Gombe debe lilishinda uchaguzi. Mwaka huu wa vikao na kampeni, au mwaka wowote, kisa hicho hakihitaji kufafanuliwa.

Anayekisoma leo azingatie mambo mawili. Sokwe wale walivutwa kambini kwa ndizi, na wataalamu walikuja kuhoji ni kiasi gani cha ugomvi ulioonekana kilitokana na ndizi zenyewe. Tena kitabu kinaishia kabla ya mwaka 1974, ambapo kundi lilikuwa limekwisha kugawanyika na upande mmoja ukaanza kuwaua wa upande wa pili mmoja baada ya mwingine kwa miaka minne; hayo Goodall aliyaeleza katika Through a Window ya mwaka 1990. Sokwe wa kitabu cha kwanza ni wapole kuliko sokwe wenyewe. Mwandishi alifariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, na nilipokirudia baada ya habari hiyo nilishangaa jinsi msichana wa kurasa za mwanzo alivyokuwa hana uhakika wa chochote isipokuwa kukaa kimya na kungoja.

Kitabu cha pili ni Darwin's Dreampond cha Tijs Goldschmidt, Mholanzi aliyekuwa mtafiti Mwanza kuanzia mwaka 1981. Kilitoka kwa Kiholanzi mwaka 1994 na kwa Kiingereza mwaka 1996. Habari yake ni furu wa Ziwa Victoria. Mvuvi humwita furu samaki mdogo tu wa kitoweo, lakini kwa mwanabiolojia furu walikuwa mamia ya spishi zilizotokea ndani ya ziwa moja: mmoja anavunja konokono kwa taya la pili lililoko kooni, mwingine anala mwani, mwingine magamba ya wenzake, mwingine mayai na watoto wanaoatamiwa kinywani mwa mama zao. Utafiti wa matope ya chini ya ziwa uliochapishwa mwaka 1996 ulionesha kwamba ziwa lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita, na hapo likazuka swali ambalo bado linajadiliwa, la jinsi aina zote hizo zilivyopatikana kwa muda ambao kwa hesabu za mageuko ni kufumba na kufumbua.

Kisha anaingia sangara. Alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, akakaa kwa muda bila makuu, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akaongezeka ghafla, wakati uleule ambapo Goldschmidt na wenzake walikuwa wakijaribu kuwahesabu na kuwapa majina furu wa Ghuba ya Mwanza. Nyavu zilizokuwa zikitoka na furu wa kila rangi zikaanza kutoka na sangara na dagaa. Mtafiti alikuwa kama karani wa sensa anayeandika majina huku nyumba zikihamwa nyuma yake. Samaki anayeweza kuvuka kilo 100 ameleta viwanda, minofu ya kuuzwa nje na fedha kwa watu wengi wa Kanda ya Ziwa, na kitabu hakijifanyi kwamba hilo halikutokea.

Hiki ni kigumu kuliko cha Goodall, na ugumu wake ni wa haki. Sura za mageuko zinataka msomaji afuate hoja hatua kwa hatua: kwa nini jike huchagua dume kwa rangi, taya linabadilikaje kufuata chakula, spishi mbili hutenganaje zikiwa katika maji yaleyale. Katikati ya sura hizo mwandishi huchomeka visa vya maisha yake ya Mwanza, na hivyo ndivyo vinavyomvusha msomaji hadi usiku wa pili. Kusimulia furu jikoni kunahitaji kuchora. Mimi nilichora mataya kwa mkaa juu ya kipande cha boksi, na mtoto wa kaka yangu, anayesoma kidato cha pili, akanirekebisha mchoro. Kasoro ya kitabu ni umri wake. Utafiti wa mwaka 1997 ulionesha kwamba maji kuwa na tope huwafanya majike washindwe kutofautisha rangi na spishi zichanganyike, na tangu miaka ya 1990 baadhi ya furu wameonekana tena. Atakayeishia kwa Goldschmidt atadhani msiba ulikuwa umekamilika.

Kwa mwenye muda wa wiki moja tu ya sayansi, Seven Brief Lessons on Physics ya Carlo Rovelli haifiki kurasa mia, na somo lake la sita, linaloeleza kwamba tofauti ya jana na kesho hutokea pale tu penye joto linalohama kutoka kwenye moto kwenda kwenye baridi, linafaa sana kusomwa umekumbatia kikombe cha chai. Linampa Mbiti mpinzani asiyemtarajia.

Katika jozi hii nampendelea Goldschmidt, kwa sauti ya chini kidogo kuliko nilivyosema juu ya Peponi. Goodall anapendeka tangu ukurasa wa kwanza na yeyote atafurahi naye. Lakini baada ya Goldschmidt sijaweza kusimama tena mbele ya meza ya samaki sokoni bila kuangalia kati ya dagaa na sato kama kuna furu, na sijui kitabu kingine cha sayansi kilichonibadilisha macho kwa namna hiyo.

Jinsi ya kuvipanga kwa miezi mitatu

Mseto ninaoupendekeza kwa mtu wa kawaida, mwenye familia na usiku sitini, ni Peponi, Mbiti na Goldschmidt, ambapo Goldschmidt ndiye figa zito. Aanze na Peponi mwezi Juni, wakati baridi ni mpya na akili bado imechoshwa na mavuno. Mbiti amweke Julai, baridi inapokuwa kali na watu wanakaa jikoni muda mrefu zaidi. Goldschmidt aje Agosti, usiku unapoanza kuvumilika na mtu anaweza kukaa mezani peke yake na penseli.

Anayetaka Nagona abadilishe yote: Nagona ndiyo iwe zito, aambatane na Goodall, na Mbiti amsome kwa sura zilizochaguliwa, ile ya wakati na zile za mauti, basi. Na anayeipenda Inkishafi aiweke kando ya kitanda pamoja na Peponi na Goodall, bila kuihesabu kama zamu ya usiku; beti tano kabla ya kuzima taa zinatosha, na kwa mwendo huo utenzi utakuwa umekwisha katika siku zisizozidi ishirini, ukabaki muda wa kuurudia mara mbili.

Mwishoni mwa Agosti jua la Njombe hurudi na nguvu, viti huhamishwa uani, na kazi za kutayarisha mashamba huanza kuitana. Kitabu ambacho wakati huo bado kina alama katikati ya kurasa zake hukirudisha rafuni kikiwa na alama yake, mpaka Juni.